MREJESHO: Plastiki ya juu ya tairi iliyopasuka (Tanga)

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuunga ile plastiki nyeusi ya juu ya tairi la mbele la gari langu, iliyopasuka baada ya bodaboda kunikwangua pale Ngamiani. Wengi mlisema supa gluu. Mmoja akaniambia nisome kwanza herufi za upande wa nyuma. Ubarikiwe mkuu! Imeandikwa PP+EPDM, yaani plastiki ya polipropilini (PP) iliyochanganywa na mpira, na PP haipatani na gundi za kawaida, inashika juu juu tu kisha inabanduka.

Fundi ameichomelea. Alisafisha mafuta na vumbi, akatoboa kitundu kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, halafu kwa nyuma akazamisha wavu mwembamba wa chuma kwa pasi ya solda. Juu yake akayeyushia vipande vya bampa bovu, nalo la PP, maana ABS, plastiki ya aina nyingine, isingeungana nayo. Moshi wake mkali, fanyieni nje.

Mbele amepiga msasa tu. Ukiinama, mstari unauona, kwa sababu vile vinundu vya kiwandani havirudi. Mimi hainisumbui. Klipu za kuishikilia nimeweka mpya, za mtumba zilikuwa zimekauka zinavunjika mkononi.

Aliyeshauri mafuta ya kula kurudisha weusi: hapana, yanavuta vumbi.