Kinyama cha kinenani: gumzo la kina mama wa ukoo

Mwanaidi: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Humu tupo wanawake watupu kwa hiyo nasema. Nimeota kinyama kinenani, pale nguo ya ndani inapokaza. Laini, kina kikonyo, kinaning'inia. Hakiumi, ila nikitembea sana kinasuguliwa kinawaka moto. Nifanyeje?

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu, pole. Sisi tulikuwa tunakifunga uzi mwembamba, unakaza, kinasinyaa mpaka kinadondoka chenyewe. Marehemu mama alimfunga jirani shingoni, kikaanguka vizuri tu.

Salma: Kuna mtu anauza dawa ya kupaka mtandaoni, anasema kinabanduka siku tatu. Nikutumie namba yake?

Da Zuhura: Salma, hiyo namba usiitume tafadhali.

Da Zuhura: Shangazi shikamoo. Ni kweli uzi unakikausha, kwa sababu unakata damu isifike. Lakini kinenani si shingoni. Kuna jasho, kuna joto, mapaja yanasuguana, na choo kiko karibu. Pale penye uzi panageuka kidonda, na kidonda cha pale kinaingia vijidudu upesi. Hapa kazini wagonjwa wanakuja wamevimba, hawawezi hata kukaa.

Da Zuhura: Na hizo dawa za kubandua nyingi ni asidi. Asidi haijui kinyama kinaishia wapi na ngozi nzima inaanzia wapi. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaandikia wauzaji barua za onyo, ikasema haijaidhinisha dawa yoyote ya dukani ya mtu kujiondolea vinyama vya ngozi. Sasa huyo wa mtandaoni amepimwa na nani?

Shangazi Mwajuma: Marahaba Zuhura. Basi uzi tuuache.

Mwanaidi: Da Zuhura, kinachoninyima usingizi ni kingine. Mume wangu asije akadhani ni masundosundo, yale ya zinaa.

Da Zuhura: Mdogo wangu, ndiyo maana nataka kionekane kabla hakijaguswa. Kinyama cha kawaida hakiambukizi, hakiletwi na mwanamume wala uchafu. Ni ngozi tu imeota pale inaposuguana: shingoni, kwapani, chini ya matiti, kinenani. Wajawazito wanavipata sana. Masundosundo ni kirusi cha HPV, hasa aina ya 6 na ya 11, na mara nyingi huwa mengi, juu yana mikunjo kama koliflawa. Halafu kuna vinyama vya kaswende, bapa, vina unyevunyevu. Hivyo dawa yake ni sindano ya penisilini. Ukivikata tu, kaswende inabaki mwilini na unamwambukiza mwenzio.

Mwanaidi: Nipige picha nikutumie uangalie?

Salma: Humu usitume dada, simu zetu watoto wanazishika.

Da Zuhura: Hata kwangu usitume. Kwa picha siwezi kukuapia ni kipi. Nenda kaonwe, na wakikuambia upime kaswende na VVU, kubali. Ndivyo wanavyofanya kwa kila mwenye kitu sehemu zile, si kwamba wanakushuku.

Mwanaidi: Na kukiondoa inauma?

Da Zuhura: Utasikia sindano ya ganzi, basi. Wanakikata kwa mkasi safi au wanakiunguza kwa umeme, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wengine wanakigandisha kwa naitrojeni ya majimaji, baridi yake nyuzi 196 chini ya sifuri. Ila kwenye ngozi nyeusi baridi hiyo inaweza kuacha baka jeupe, kwa hiyo waulize kabla. Kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, sema. Baadaye unaosha kwa maji safi, unakausha, unavaa pamba iliyolegea, na hunyoi mpaka pamepona.

Mama Mdogo Tatu: Zuhura mwanangu, mimi ninacho kwenye kope. Na shingoni vimejaa, na shingo yenyewe imekuwa nyeusi.

Da Zuhura: Shikamoo mama mdogo. Cha kope ni cha daktari wa macho, usikiguse wala usikipake kitu chochote. Ila hivyo vya shingoni ndivyo vimenishtua. Vikiwa vingi na shingo ikawa nyeusi na nene, mara nyingi mwili unashindwa kuitumia insulini vizuri. Umepima sukari lini?

Mama Mdogo Tatu: Sijawahi.

Da Zuhura: Basi wewe una haraka kuliko Mwanaidi.

Salma: Na kipi cha kuogopa hasa?

Da Zuhura: Kinachobadilika rangi, kinachokuwa kigumu, kinachotoa damu bila kuguswa, au kidonda kisichopona. Hicho lazima kipande kiende maabara. Na kinyama cha njia ya haja kubwa msikiite bawasiri kabla hakijaangaliwa.

Mwanaidi: Naenda Alhamisi. Niende wapi?

Da Zuhura: Anza kituo cha afya. Wakiwa na shaka wakuandikie hospitali ya KCMC. Pale Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, vitu hivi wanaviona kila siku.

Shangazi Mwajuma: Nitakuja kukaa na watoto.

Da Zuhura: Ahsante shangazi. Mwanaidi, kula kabisa, ganzi ni ya hapo tu. Mama mdogo, wewe ufuatane naye, na usile kitu tangu usiku, maji tu. Tunapima sukari asubuhi.