Madoa kwenye mkono wa dirishani: naomba ushauri kabla sijaiharibu ngozi zaidi

Dereva wa Kisumu

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwanamume wa miaka 58, ngozi yangu ni maji ya kunde, na kwa miaka 27 nimeendesha lori kati ya Kisumu na Nakuru kupitia Kericho. Tangu miaka sita hivi iliyopita nimekuwa nikitokwa na madoa ya kahawia yaliyokolea kwenye mkono wa kulia, kuanzia juu ya vidole hadi kiwikoni, na pia kwenye shavu la kulia, ilhali upande wa kushoto yapo machache mno. Nikiiweka mikono yote miwili juu ya usukani, mtu angedhani ni ya watu waliopishana miaka kumi na mitano. Madoa yenyewe ni bapa, hayaumi, na makubwa yake yanatoshana na punje ya haragwe.

Mwaka jana nilinunua sokoni krimu iliyotiwa katika kikopo kisicho na maandishi yoyote. Kwa wiki tatu ngozi ilitakata, nikafurahi. Mwezi wa pili ikaanza kuwasha na kuwa nyembamba hata mishipa ikaonekana, na nilipoiacha madoa yalirudi yakiwa meusi kuliko mwanzo. Naomba kujua kama madoa haya huondoka, kama yanaweza kuwa saratani, na nijikinge vipi, maana bado nina miaka kadhaa ya kuwa barabarani.

Binti wa Ahero

Pole sana, baba. Nyumbani kwetu wazee walikuwa wakisugua ndimu kwenye madoa kila asubuhi. Jaribu hiyo, haina kemikali.

Afisa wa Kliniki, Kakamega

Mzee wangu, shikamoo na pole. Binti wa Ahero, najua umesema kwa nia njema, lakini tafadhali ndimu isitumike, hasa kwa mtu anayekwenda kukaa juani: maji yake yana kemikali za asili ambazo zikipigwa na jua huiunguza ngozi, ikatoka malengelenge na kuacha baka jeusi linaloweza kudumu kwa miezi. Nimewatibu watu kwa sababu hiyo hiyo.

Mzee, mkono wako wenyewe umeshaeleza chanzo: ni jua la dirishani. Kioo cha mbele cha gari huwa na utando wa plastiki katikati yake, nao huzuia karibu miale yote ya urujuanimno (UV), ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ila kioo cha kawaida cha mlangoni hupitisha sehemu kubwa ya miale aina ya A, ambayo ndiyo hupenya ngozi kwa kina. Na ukikishusha kioo kwa ajili ya joto la Kisumu, hakuna kinachozuiwa. Ikweta inapita Maseno, hapo karibu nanyi, kwa hiyo jua letu ni la utosini mwaka mzima. Tena barabara yako hupanda kutoka mita 1,100 hivi hadi zaidi ya mita 2,000, na kila mita 1,000 miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Ubaridi wa Kericho huwadanganya wengi wakadhani jua limepoa, na mawingu hayaizuii yote.

Baada ya miaka mingi ya kupigwa hivyo, seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, huzidisha kazi mahali fulani fulani, na hapo ndipo doa hujitokeza. Ndiyo maana nasisitiza kinga itangulie dawa: ukilififisha doa huku jua likiendelea kuupiga mkono ule ule, litarudi. Kinga ikishakuwa ya kila siku, daktari wa ngozi anaweza kukuandikia tretinoini ya kupakwa usiku, kiasi kidogo, kwa kuanza usiku mmoja na kuacha mmoja, au asidi ya azelaiki, ambayo kwa ngozi zetu mara nyingi ni ya upole zaidi. Matokeo huhesabiwa kwa miezi, na madoa mengine hufifia tu bila kufutika kabisa.

Kuhusu kikopo, dalili ulizozitaja zinanifanya nishuku steroidi, dawa kali ambayo ikipakwa ovyo hufanya ngozi iwe nyembamba. Nyingi za krimu hizo huchanganywa pia na hidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi hapa Kenya. Usikitupe, kifunge kwenye mfuko, umpelekee daktari akione.

Sasa, kuhusu saratani, nijibu hili: je, kuna doa lolote lililobadilika umbo, lenye kingo zisizo sawa, lenye rangi zaidi ya moja, linalotoa damu, au kidonda kisichopona?

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Naomba kuongeza jambo moja kwa uchungu. Mimi nilikuwa na madoa kama hayo mkononi, nikachomwa kwa naitrojeni ya maji, kimiminika cha baridi kali kinachogandisha ngozi, katika kliniki moja ambayo haikunieleza lolote kuhusu ngozi nyeusi. Doa liliondoka, na mahali pake pamebaki duara jeupe ambalo mwaka wa tatu huu halijapata rangi. Baadaye nilielezwa kwamba seli za rangi hufa kwa baridi upesi kuliko seli nyingine za ngozi. Ndugu yangu, ukiambiwa kuhusu kugandisha au leza, uliza kwanza kama anayekutibu ameshawatibu watu wa rangi yako, na aanze na doa moja lililofichika.

Mzazi wa Maseno

Mwanangu ana ualbino, kwa hiyo losheni ya jua kwetu ni kama maji ya kunywa. Yeye huipata kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wewe, kaka, itakubidi ununue. Tafuta yenye SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, ya 30 au zaidi, na uhakikishe chupa inataja kinga ya UVA, ile miale aina ya A, kwa sababu namba ya SPF inahusu hasa miale aina ya B. Kosa la wengi ni kupaka kidogo. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili yenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati, upake robo saa kabla ya kutoka, kisha urudie kila baada ya saa mbili. Kwa mkono, mimi ningetegemea nguo zaidi: inua kitambaa kwenye mwanga, na ukiona vidole vyako kupitia humo, hicho hakifai.

Dereva wa Kisumu

Nimesoma kila neno, asanteni. Afisa, umeniuliza nami nimekwenda kwenye kioo. Doa lililo mbele ya sikio la kulia limeinuka kidogo, ukingo wake unang'aa, na mara mbili mwezi huu limetoka damu nikinyoa ndevu. Nilidhani ni wembe.

Afisa wa Kliniki, Kakamega

Hilo, mzee, tulitenge na mengine yote. Usilipake chochote, wala usikubali mtu yeyote alichome kabla halijakatwa kipande kidogo kikapimwe maabara. Nenda wiki hii katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, uombe kuonwa na daktari wa ngozi. Vidonda vya namna hiyo vikigunduliwa mapema mara nyingi huondolewa kwa upasuaji mdogo.

Dereva wa Kisumu

Nimeomba ruhusa kazini siku ya Alhamisi. Kikopo nimekifunga kwenye mfuko, na jioni hii nimempelekea fundi cherehani kitambaa kizito anishonee shati mbili za mikono mirefu.