Majitaka ya nyumbani Tanga: mtambo wa hewa, karo la chemba, au matete?

Mwana Sahare
Habari za leo wakuu. Najenga Sahare, nyumba ya watu sita. Chini ni jiwe la matumbawe na jirani ana kisima, kwa hiyo shimo la kunyonya peke yake silitaki: uchafu utapenya kwenye nyufa hadi kisimani. Maji yakishasafishwa nataka yanywe minazi na migomba. Muuzaji ananishawishi nichukue mtambo wenye pampu ya wati 80 inayopuliza hewa kwa bakteria wanaokula uchafu. LUKU itahimili?

Fundi Karo
Wati 80 usiku na mchana ni uniti 1.92 kwa siku, karibu 58 kwa mwezi. Kama uko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile yenye kikomo cha uniti 75, choo kimekula zaidi ya robo tatu kabla hujawasha friji. Watu wanaogopa pampu ya maji kwa sababu inanguruma, kumbe ya wati 370 ikifanya kazi nusu saa haifikishi hata uniti 0.2. Ya hewa iko kimya, ila haizimwi.

Mimi ningeanza na karo la chemba tatu au nne. Kila ukuta unalazimisha maji yashuke chini kisha yapande kupitia tope lenye bakteria. Hao hawahitaji hewa, na joto letu linawafaa sana. Kisha maji yapite kwenye kitalu cha kokoto na matete, yasafike zaidi. Ukiwa na mteremko, umeme ni sifuri.

Bi Raskazone
Mwanangu, na mbu je? Na eneo?

Fundi Karo
Shikamoo mama. Eneo ni mita mraba 2 hadi 3 kwa mtu, kwa hiyo kama 12 hadi 18. Mbu hawapati pa kutagia maji yakikaa sentimita 10 chini ya uso wa kokoto. Kwenye chemba ya kutokea weka kiwiko cha bomba kinachozunguka: ukikiinamisha, maji yote kitaluni yanashuka.

Chumbageni Juu
Mtambo msiutupe, wengine viwanja vyetu ni vidogo. Tanguliza karo, kisha pampu ifungwe taima, dakika 30 iwake, 30 ipumzike. Umeme unashuka nusu, na hewa inapokatika ndipo bakteria wengine wanapoondoa naitreti (naitrojeni ya majitaka iliyoyeyuka majini), na kwa mwenye kisima hilo ni jambo kubwa. Filta ya pampu isafishwe, na vichwa vinavyotoa viputo vya hewa majini viangaliwe: vikiziba, pampu inateseka.

Binti Pangani
Kwa nini asifanye biogesi kabisa? Kule Hale, Korogwe, wamezalisha umeme kwa mabaki ya mkonge.

Fundi Karo
Dada, Hale ni mabaki ya shamba zima. Choo cha watu sita hakitoi gesi ya kuwasha jiko hata saa moja kwa siku. Akiwa na ng'ombe wawili watatu, hapo tuongee.

Mwana Sahare
Ahsanteni sana. Mteremko upo na nyuma kuna nafasi, naenda na karo na matete. Maji ya jikoni yaingie humo humo?

Fundi Karo
Yaingie, ila yapite kwanza kwenye chemba ya kunasa mafuta, uikombe mara kwa mara. Mafuta yakifika kitaluni utazitoa kokoto zote kwa koleo. Na maji ya mwisho yapeleke kwenye mizizi kwa bomba la chini ya udongo, mchicha usiumwagilie.