Corolla 110 ya uwanjani: mbele inagonga kwenye kona, na gia haziendani na injini. Nianze na kipi?

Kinyerezi110

Wakuu, salaam. Nina Corolla 110 niliyoijenga mwenyewe nyuma ya nyumba hapa Kinyerezi, huu mwaka wa pili. Ndani nimeng'oa kila kitu nikabakiza viti viwili vya mbele. Kwenye mizani ilisoma kilo 960 na nusu tanki. Injini ni 4A-GE ya valvu 20, ile ya kifuniko cheusi. Giaboksi ni C50, maana ndiyo niliyoipata kwa haraka. Tairi 185/60R14.

Naiendesha Jumapili moja kila mwezi kwenye eneo la lami tunalokodi na wenzangu nje ya mji. Kona saba, karibu zote za gia ya pili, na kipande kimoja tu kilichonyooka ambacho mwisho wake nagusa 130 ndipo nashika breki.

Shida ya kwanza iko mbele. Fundi mmoja alinikatia springi mzunguko mmoja na nusu kila moja ili gari ishuke. Kwa macho ilikaa vizuri sana. Lakini kona ya nne, inayokata kushoto, ina bonde dogo katikati ya lami. Nikifika pale mguu wa gari wa mbele kulia (springi na shokapu) unagonga "kap!", usukani unakuwa mwepesi ghafla, na gari inanyoosha kuelekea kwenye majani. Nikiachia mafuta inarudi. Tairi zote mbili za mbele zimelika bega la nje mpaka nyuzi zinaonekana, katikati bado mpya kabisa.

Shida ya pili ni gia. Kona nyingi napita kwa 60, na hapo kwenye pili mshale wa mizunguko ya injini uko chini kidogo ya 4000. Injini imelala. Kwenye kipande kilichonyooka navuta pili hadi 7800, nikiingiza tatu mshale unaanguka hadi 5400, na breki inafika kabla haujavuka 5800.

Nina milioni 2.3, nimeziweka kidogo kidogo tangu Ramadhani. Hazitoshi vyote viwili. Naombeni ushauri wa mtu aliyeshika kazi hii kwa mikono yake.

mzee_wa_levin

Tafuta C160, giaboksi ya gia 6 iliyotoka kwenye Levin AE111, ile ndugu ya Corolla ya milango miwili, umemaliza. Gia zimekaribiana, injini haishuki sana. Mguu utafuata baadaye.

fundi_wa_chini

Mdogo wangu, hiyo pesa iache kwanza ilipo. Piga jeki, toa tairi ya mbele kulia, pandisha ule mpira wa kuzuia vumbi kwenye shokapu uangalie stopa, kile kipande laini kinachozuia mguu kugonga chuma kwa chuma. Nakuhakikishia utakuta imekuwa unga, na fimbo ya shokapu ina alama inayong'aa karibu kabisa na mwisho.

Nimefanya miguu ya magari pale Gerezani miaka 14, na springi zilizokatwa zimenilisha muda wote huo, lakini sizipendi hata kidogo. Sikiliza kinachotokea. Springi ya mizunguko 5.5 ikibaki na 4 inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 37 hivi tu, ila nafasi ya gari kushuka umeipunguza kwa zaidi ya nusu, kwa sababu shokapu ni ileile ya zamani. Ukiingia kona mwili unaegemea nje, nafasi ndogo iliyobaki inaisha, gari inakalia stopa. Hapo mguu unageuka gogo. Tairi ile inabebeshwa mzigo wote kwa mkupuo, inateleza. Usukani unakuwa mwepesi kwa sababu tairi haijashika tena. Ndiyo "kap" yako.

Kuna jingine ambalo watu hunibishia sana. Gari ikiwa chini, tazama ule mkono wa chini unaoshika bolijointi. Kama upande wa tairi umekuwa juu kuliko upande wa bushi, umeshusha kupita kiasi. Mwili wa gari unapolala huwa unazunguka nukta fulani, na nukta hiyo inategemea mlalo wa mkono ule. Kwenye mguu wa aina hii, ukishusha gari sentimita 5 nukta inashuka zaidi ya hizo 5. Kwa hiyo gari yako fupi inataka kulala kuliko ilipokuwa ndefu. Bega la tairi limekuambia hilo, ni kwamba hukuwa unajua kulisoma.

Ningekuwa mimi: koiliova (shokapu na springi zake, za kurekebisha kimo) zilizotumika ila zisizovuja, mbele springi ya kilo 5 kwa milimita, nyuma 3.5. Kwa uzito wa gari yako mbele itacheza kama mara 2.1 kwa sekunde, nyuma kidogo zaidi ya hapo. Gari ya kawaida ya barabarani hucheza mara 1 hadi 1.5, kwa hiyo matuta ya kurudi Kinyerezi utayasikia, lakini utafika. Nyuma ikiwa ngumu kuliko mbele kwa uzito inaoubeba, gari inayovutwa na tairi za mbele inakubali kugeuka. Kisha IPANDISHE mpaka mkono wa chini ulale sawa na ardhi. Usiogope kuonekana una gari ndefu.

Kemba ya mbele lalisha juu ya tairi ndani digrii 2.5. Alaimenti, tairi za mbele zifunguke milimita 2. Na kabla hujaenda uwanjani funga kile kikamba cha plastiki cha kufungia waya kwenye fimbo ya shokapu, kikiwa kimekaza kidogo, ukisukume hadi chini. Ukirudi kitakuonyesha shokapu ilizama mpaka wapi. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hicho.

Angalizo: ukiletewa mguu wa mbele wa Levin uliza kama ni wa "super strut". Huo ni muundo mwingine wa mguu wa Toyota, hauingiliani na wako.

shafti_ya_pili

Namuunga mkono fundi, na sababu yangu inatoka kwenye gia zenyewe. Gia ya uwanjani huchaguliwa kwa mwendo wa kona. Mwendo wako wa kona wa sasa ni wa gari inayokalia stopa, kwa hiyo ukichagua leo unachagulia gari ambayo mwezi ujao hutakuwa nayo.

C160 ni nzuri kweli, lakini bei yake itakula kila kitu. Itafute C56. Pili, tatu, nne na tano ni zilezile za C50 yako. Uwiano wa moja ni 3.166 badala ya 3.545, na wa difu (gia ya mwisho inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ni 4.312 badala ya 3.722. Tofauti ya difu peke yake ni asilimia 16 ya mvuto kwenye kila gia.

Kwa tairi zako, 7800 kwenye pili itakuwa 103 badala ya 120. Tatu itaishia 150 badala ya 174. Kati ya 60 na 103 utavutwa vizuri zaidi. Kati ya 103 na 120 utavutwa kidogo kuliko sasa, kwa sababu utakuwa umeshaingiza tatu wakati zamani ungekuwa bado kwenye pili. Kutoka 120 hadi 130 unapata tena. Uwanja wa kona saba za gia ya pili, hesabu hiyo iko upande wako. Ungekuwa na vipande vitatu virefu vya kufika 118 ningekuambia ubaki na C50.

Usibadilishe difu peke yake. Kijigia kinachoisukuma kiko kwenye shafti ya pili ya giaboksi, vinakwenda pamoja. Na usidhani rimu za 15 zenye 195/50 zitakusaidia. Kimo chake ni kilekile, milimita 576 kwa 578.

Ukiiona C56 dukani usiamini maandishi ya kalamu. Ingiza nne, mtu ashike tundu la ekseli la upande mmoja lisizunguke, wewe zungusha la upande wa pili mara 2 kamili. Shafti inayoingia kwenye klachi ikizunguka mara 4 na kipande kidogo, ndiyo yenyewe. Ikiishia mara 3 na nusu hivi, hiyo ni difu kama uliyonayo.

Kinyerezi110

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano.

Dada fundi, stopa ya kulia sikuikuta. Nilikuta vipande vya njano chini ya kikombe cha springi, na fimbo ina pete inayong'aa kama umesema. Nilikaa chini ya gari nikaitazama muda mrefu. Ya kushoto ilikuwa imebaki nusu.

Koiliova nimepata Ilala, za 5 na 3.5 kabisa, laki 9 baada ya kurudi dukani mara tatu. Nimepandisha mbele sentimita 3.5, mikono imelala sawa. Kemba imeishia 2.3 kulia na 2.4 kushoto, bolti haikwenda zaidi. Jumapili iliyopita kikamba kimesimama sentimita 1.5 kabla ya stopa, na kona ya nne haikugonga hata mara moja. Naipita kwa 66, mshale kwenye 4300 na pili ileile. Sikutegemea mguu unipe mizunguko 400.

Tairi bado inaanza kuchoka upande wa nje, ila kidogo.

C56 nimeiona jana mtaa wa Shaurimoyo. Nimezungusha mara 2, shafti imekwenda 4 na kama robo. Muuzaji anataka milioni 1.3, mimi nimesimama kwenye 1.1. Dada, kabla sijaishusha C50: kwa 66 kwenye kona na bonde lile, nyuma niongeze stabilaiza nene (kile chuma kinachozuia mwili kulala) au niache kwanza niizoee?

fundi_wa_chini

Acha. Funga giaboksi, endesha Jumapili mbili, na kikamba kingine funga nyuma. Ukiniletea vipimo vya nyuma ndipo tutazungumza stabilaiza. Kwenye 1.1 usisogee, atakupigia.