MJADALA: Taiti endi wa chuo, tunampima kwa kipi hasa?

Wadau, hoja hii imenikaa moyoni muda mrefu, naomba tuichambue bila kuoneana haya. Kila inapokaribia drafti ya NFL, yaani siku timu za ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani zinapochagua kwa zamu wachezaji wa vyuo, taiti endi hupimwa kwa urefu, kwa mbio za yadi 40 na kwa idadi ya pasi walizodaka. Mimi nasema katika nafasi hii vipimo hivyo vinatudanganya.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: taiti endi husimama mwisho wa mstari wa wazuiaji. Mpira ukianza, ama anambana mlinzi wa kilo 120 ili mwenzake apite, ama anachomoka kwenda kudaka pasi. Kazi mbili, mwili mmoja, na mpinzani asijue mapema ni ipi inakuja.

Sasa mtazameni Kyle Pitts, taiti endi wa Chuo Kikuu cha Florida. Futi 6 na inchi 6, yadi 40 kwa sekunde 4.44. Atlanta Falcons wakamchukua wa nne mwaka 2021, na hakuna taiti endi aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi hicho. Msimu wa kwanza akapata yadi 1,026, wengi tukaona mjadala umekwisha. Misimu mitatu iliyofuata hakufikisha hata 700 kwa msimu.

Najua mtasema aliumia goti mwaka 2022, na Matt Ryan aliyekuwa akimrushia mpira alishaondoka. Ni kweli, na kijana simlaumu. Lakini Brock Bowers, taiti endi wa chuo cha Georgia aliyekwenda Las Vegas Raiders, naye alirushiwa na nani? Raiders ya 2024 ilishinda mechi 4 kati ya 17, makwotabeki, yaani warusha pasi, wakipokezana, na bado chipukizi huyo alidaka pasi 112 kwa yadi 1,194. Rekodi ya yadi ya Mike Ditka kwa taiti endi wa msimu wa kwanza, iliyosimama tangu 1961, ikaanguka. Huyu ndiye aliyechaguliwa wa 13, aliyeonekana mfupi kidogo kwa nafasi yake, na ambaye hata mbio za yadi 40 hakukimbia kabla ya drafti.

Aliyetaka kumjua angeangalia Georgia ilipokwenda Auburn mwaka 2023. Matokeo 20 kwa 20, dakika zinayoyoma, uwanja mzima unajua mpira unakwenda kwake. Akaudaka, akageuka nao, akakata mbuga hadi mwisho. Yadi 40, na mechi ikaisha 27 kwa 20. Mimi hapo ndipo ninapotazama: hatua tatu za kwanza baada ya kudaka, walinzi wakiwa wameshamfikia.

Na wale wanaohesabu pasi tu, wanamweka wapi taiti endi George Kittle? Miaka yake yote katika chuo cha Iowa alidaka 48. Akasubiri hadi raundi ya tano mwaka 2017, ilhali mwaka uliofuata alipata yadi 1,377 akiwa San Francisco. Iowa ilimtumia sana kuzuia, na kuzuia huko ndiko kulikomweka uwanjani. Taiti endi asiyezuia hutolewa ikifika zamu ya kukimbia na mpira, na akibaki, mlinzi anajua kabisa kwamba ni pasi.

Kuna pia suala la fedha, ambalo naona tunalipita haraka mno. Mkataba wa chipukizi hufuata namba aliyochaguliwa, si nafasi anayocheza. Taiti endi aliyechaguliwa wa nne analipwa sawa na mzuiaji aliyechaguliwa wa nne, ingawa sokoni mzuiaji mzuri anayemlinda kwotabeki ni ghali zaidi. Kwa hiyo ukimkosea taiti endi hapo juu, umekosea mara mbili: kwa mchezaji na kwa fedha.

Bowers ningemchukua hata katika kumi bora, kwa niliyoyaona akiwa na mpira mkononi. Pitts kwa namba nne, hapana. Anayeona Falcons walikuwa sahihi namkaribisha, ila aanze kwa kunieleza kwa nini mdaka pasi Ja'Marr Chase, aliyekwenda Cincinnati wa tano, na mzuiaji Penei Sewell, aliyekwenda Detroit wa saba, walistahili kuachwa.