EP ya nyimbo 6 bila lebo, bajeti laki 6: nianze na nini?

Mchanaji_Temeke
Habari wakuu. Nina EP ya hip hop, nyimbo 6, zimesharekodiwa ila bado miksi. Sina lebo wala meneja, mfukoni kuna laki 6. Biti 4 katengeneza prodyuza wa mtaani, 2 nimezishusha YouTube, zimeandikwa "free". Nataka ziingie Boomplay, Spotify na Apple Music, na nipate chochote kitu. Watu huwa wanapigwa wapi?

FundiMiksi
Zaidi ya nusu ya hiyo hela iende kwenye miksi (kupatanisha sauti yako na biti) na masta (umaliziaji wa mwisho). Video achana nayo kwa sasa.

Kabla hujalipa, mwombe prodyuza biti zikiwa zimetenganishwa: kiki, sneya, besi, kinanda, kila kimoja na faili lake la WAV 24-bit, yote yaanzie sekunde 0 ili yakipangwa yasipishane. Ukimpa fundi MP3 ya biti iliyokwisha kubanwa na limita (kinachozuia sauti isivuke kikomo), hana pa kupunguza wala kupenyeza sauti, na mistari yako itaelea juu ya mdundo. Ndiyo maana ngoma nyingi za andagraundi zinasikika za chumbani, halafu lawama anabebeshwa maiki.

Miksi iende kwa mtu wa masta bila limita, kilele kiishie kwenye -6 dB hivi. Masta yenyewe isivuke -1 dB true peak, yaani kilele halisi cha sauti. Kuhusu ukubwa wa sauti: Spotify inasawazisha kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika), kwa hiyo ukipeleka -7 itashushwa tu, na kiki imeshapoteza kishindo bure. Kwa hip hop -9 inatosha. Sikiliza kwenye spika ya simu na kwenye redio ya bajaji. Besi ikipotea kwenye simu, iongezewe saturesheni (mkwaruzo wa sauti) kidogo, usipandishe volyumu.

Kinasa255
Fundi kamaliza upande wa sauti. Upande wa kusambaza, soma masharti ya msambazaji (kampuni inayokupelekea nyimbo Boomplay, Spotify na kwingine) kabla ya kujisajili. Kuna wa ada ya mwaka: ukiacha kulipa, wengi wao wanashusha nyimbo zako. Kuna wanaokata asilimia bila ada. Mwenye nyimbo 6 asiye na wasikilizaji bado, huyu wa pili ndiye wake. Hakikisha tu anafika Boomplay na ana njia ya malipo unayoweza kupokelea Tanzania. Namba za ISRC (ya kila wimbo) na UPC (ya EP nzima) atakupa yeye, usiuziwe na mtu.

Kava: mraba, pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu wala jina la Instagram, vikiwemo inarudishwa. Jina lako likifanana na la msanii mwingine, weka linki ya ukurasa wako wakati wa kupakia, la sivyo ngoma itatua kwa mtu wa watu.

Pakia wiki 4 kabla. Ombi la pleilisti za Spotify linatumwa kabla wimbo haujatoka, angalau siku 7, na ni wimbo mmoja tu kwa kila toleo. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo usiofikisha streams (kusikilizwa mtandaoni) 1,000 ndani ya miezi 12. Na hao wanaouza streams Telegram ni moto: zikigundulika ni za bandia, msambazaji anatozwa faini, anakukata wewe au anafuta EP nzima.

Na usajili usichanganye: BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) inasajili wasanii, COSOTA inahusika na hakimiliki. Ni vitu viwili.

DadaMistari
Hela ya haraka iko kwenye kuuza mkono kwa mkono, siyo streams. Weka lipa namba, anayelipa 5,000 anatumiwa EP WhatsApp wiki 2 kabla haijatoka kwingine. Wateja 100 ni laki 5. Tuma MP3 ya 320 kbps, kama MB 8 kwa wimbo wa dakika tatu na nusu. WAV ni zaidi ya MB 35 na itamaliza bando la mtu. Itume kama "document", na jina na kava viwe vimeingizwa ndani ya faili, vinginevyo inamfikia ikiwa na jina la ajabu na hataipata tena kwenye simu yake.

Na asilimia za prodyuza ziandikwe leo, kabla hela haijaonekana.

Mchanaji_Temeke
Shukrani sana wakuu. Na zile biti 2 za YouTube?

Kinasa255
"Free" mara nyingi maana yake huruhusiwi kuingiza hela nayo. Nunua leseni ya WAV, usome kikomo cha streams, na uitunze risiti. Leseni isiyo ya peke yako, usiiwashie Content ID (mfumo wa YouTube unaotambua wimbo na kuudai): wachanaji wengine wana biti hiyohiyo, utawadai wao, au wao wakudai wewe. Kama leseni inakushinda, toa EP ya nyimbo 4.