Naomba ushauri: kwenye kadi wameandika "kerioni", kichwa cha mtoto kinazidi kuvimba

ShangaziWaTabata: Wakuu, habari za jioni. Mtoto ana miaka sita. Alianza na mapunye utosini, sasa pameota uvimbe kama nusu ya limau. Ukiubonyeza ni laini, usaha unatoka, na nywele za hapo ukizigusa tu zinabaki mkononi. Kliniki waliandika "tinea kapitisi", chini yake "kerioni", bila kunieleza chochote. Kuna mzee jirani anapasua majipu, anasema Jumamosi atalitoa. Nimruhusu? Usiku halali, anashika kichwa tu.

Kipanga: Hiyo mashine ya kinyozi. Mimi ilinijaza vipele kidevu kizima, harusi ya kaka yangu nikaenda nimejifunga kitambaa kama jambazi. Sasa natembea na yangu kwenye begi.

MamaWawili: Mnasubiri mpaka kichwa kivimbe ndipo mnaomba ushauri! Sisi tulipakwa kitunguu saumu, yakaisha.

NesiMstaafu: Kitunguu saumu kinaunguza ngozi, tafadhali. Dada, pole. Usaha unatoka tundu moja au mengi? Na walimpa dawa gani?

ShangaziWaTabata: Mengi, madogo madogo. Walimpa vidonge.

NesiMstaafu: Vidonge gani, na amemeza siku ngapi?

ShangaziWaTabata: Griseofulvini, ya wiki sita. Siku ya kumi nikaacha. Msinishambulie jamani. Nilitafuta "tinea" kwenye simu nikakuta ni Kilatini, maana yake mnyoo. Nikasema kama ni minyoo, mbona wamempa dawa ya fangasi? Nikampa ya minyoo. Tena vile vidonge vilikuwa vinamtapisha. Na mzee nimeshampa elfu tano.

NesiMstaafu: Neno lina maana hiyo kweli, lakini mnyoo hakuna. Ni fangasi ya kichwani, ndiyo mapunye yenyewe. Kerioni ni Kigiriki, sega la nyuki, kwa ajili ya hayo matundu. Jipu huwa na mdomo mmoja. Huo uvimbe ni mwili unapambana na fangasi. Mkiupasua mnaongeza jeraha, na penye kovu nywele huenda zisiote tena. Krimu peke yake haifiki kwenye shina la unywele, ndiyo maana anameza. Vidonge hivyo hufyonzwa vizuri vikimezwa na maziwa au chakula chenye mafuta. Kesho rudi kliniki, uwaambie ulikatisha na kwamba alitapika.

Mpekuzi: Samahani, mwezi wa tatu huyu huyu aliandika humu kwamba hajajaaliwa mtoto. Leo anaye wa miaka sita? Hii chai.

Kipanga: Naukumbuka ule uzi! Tunamaliziwa bando bure.

ShangaziWaTabata: Si chai. Mtoto ni wa mdogo wangu, yuko Muscat kikazi, kaniachia mimi. Akipiga video namvalisha mtoto kofia. Jana kauliza, mbona kofia ndani ya nyumba? Nikamwambia baridi, na joto la Dar analijua. Nilitaka uvimbe uishe kabla hajauona.

Mpekuzi: Nisamehe, dada. Ila mwambie mwenzio.

ShangaziWaTabata: Nitampigia usiku akitoka kazini. Mzee nimemwambia asije, hela abaki nayo. Nesi, zile siku kumi zinahesabika au tunaanza upya?

NesiMstaafu: Nenda na vidonge vilivyobaki na kadi. Watampima uzito, wao ndio watakaopanga. Na watoto wengine hapo nyumbani wakaguliwe vichwa. Chanuo lake asitumie mwingine.